Wiki Nne za Kuhesabiwa Damu

Kwa miaka mitatu nilitembea na tumbo la mimba isiyokuwa na mtoto ndani. Lilianza chini ya mbavu za kushoto, kitu kigumu kama ukingo wa sahani, kisha likashuka taratibu mpaka likafika usawa wa kitovu. Wanawake wa Likombe walinipongeza bombani. Nilipowaambia kuwa ni bandama, mmoja akauliza, "Sasa hilo bandama unalitoa arobaini lini, Mwalimu?" Wakacheka. Nami nikacheka, maana ndoo ilikuwa nzito na sikuwa na pumzi za kukasirikia.

Naandika sasa kwa kuwa ndoo naiweza. Namwandikia yule ambaye leo amelazwa mahali akihesabu mabati ya dari, na kila akipapasa tumbo lake anakuta kitu ambacho si chake. Bandama lina kazi gani mwilini, hilo waulize wenye elimu yake. Mimi nitaeleza kulala kulivyokuwa, na kosa tulilolifanya mimi na mama yangu mdogo, ambalo nusura liniondoe duniani au linitie kilema. Mpaka leo sijui lingefanya lipi.

Kabla ya kuolewa nilifundisha Kitaya, kule mtoni. Upande wa pili wa Ruvuma Mreno alikuwa anapigana na wenye nchi yao, na watoto wangu wa darasa la pili walijifunza kusoma huku handaki likiwa hatua kumi kutoka mlangoni. Tulimwogopa Mreno, mbu hatukumwogopa. Mto ukifurika na mashamba ya mpunga yakageuka kioo, homa zilikuja na kuondoka kama mgeni aliyekwisha kuijua njia ya uani. Nilipoolewa na Ismaili na kuhamia Likombe, homa zilipungua, tumbo likaanza.

Ismaili alifanya kazi Naliendele kwenye shamba la utafiti wa mikorosho, akiunganisha vichipukizi na miche. Alirudi jioni mikono yake ikinuka utomvu, akanikuta nimelala kwenye mkeka, uji haujapikwa. Akakoka moto mwenyewe. Kwao ndiko walikosema. Shemeji yangu mmoja alinitazama siku moja nikipanda ngazi tatu za baraza lao kwa vituo, akamwambia mwenzake bila kupunguza sauti, "Huyu kaka ameoa au ameuguza?"

Mwanzoni mwa mvua, mwaka ule ambao watu wengi wa kwetu walihamishiwa vijiji vipya, tulisikia kwamba hospitalini wamekuja madaktari kutoka Dar es Salaam na mashine ya kuitafuta damu inapopotelea. Watakaa mpaka mvua zipungue, kisha waondoke nayo. Ismaili alinipeleka kwa baiskeli, nimekaa nyuma upande mmoja kama gunia la muhogo.

Daktari wao alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kalamu ya wino mfukoni. Alinivuta kope ya chini, akaminya tumbo, akauliza kama najisaidia damu. Kisha akaniambia kwamba damu yangu ni kidogo kupita kiasi, na hajui inakwenda wapi. Huenda minyoo ya safura wanainyonya tumboni. Huenda bandama linaiharibu. Ikiwa ni minyoo, kuna dawa yake. Ikiwa ni bandama, huenda likabidi litolewe, na anayelitoa yuko Dar. Barabara ilikuwa imekwisha kukatika huko Rufiji. Kwenda ni kwa ndege tu.

"Na wewe utajuaje?" nikamwuliza.

"Nitahesabu," akasema. "Wiki nne. Lakini hutatoka wodini."

Aliyenieleza vizuri ni mwenye mashine mwenyewe, Bwana Sefu, kijana mwembamba wa Tanga mwenye miwani iliyofungwa uzi mkono mmoja. Alinitoa damu bomba moja la sindano, akaenda nayo chumbani kwake, na baada ya muda akairudisha mkononi mwangu kwa sindano ileile.

"Umeifanya nini?"

"Nimeitia alama, Mwalimu. Nyumbani kwenu kuku mnawajuaje wakichanganyika na wa jirani?"

"Tunawafunga kitambaa mguuni."

"Basi hizi chembe zako nimezifunga kitambaa. Macho hayakioni, mashine inakisikia. Sasa tutawafuata hawa kuku, tujue wanalala wapi na nani anawala."

Alisema alama ile ni aina ya moto mdogo usiounguza, unaokuja kwa ndege ndani ya sanduku la madini ya risasi, na kwamba unachakaa wenyewe siku hadi siku hata usipoguswa. Mimi niliposikia neno moto nilijisikia joto mkono mzima. Baadaye nilijua ni hofu tu.

Hivyo nikafungwa. Silitumii neno hili kwa kupamba. Sikuruhusiwa kuvuka mlango wa wodi, wala kwenda chooni kama watu. Kila kilichotoka mwilini mwangu kiliingia kwenye kopo lenye namba, na kopo likapelekwa kwa Bwana Sefu. Utazoea mambo mengi katika ugonjwa, lakini kumwona kijana wa watu akipita dirishani na kopo lako, na saa moja baadaye akakusalimia "Habari za mchana, Mwalimu," hilo halizoeleki. Nesi Adela, aliyekuwa msimamizi wetu, alinionya siku ya kwanza: "Hapana kupoteza hata tone. Ukijikata kidole, niambie. Ukiingia mwezini, niambie. Ukificha, umeharibu hesabu yote." Nikaitikia kama mwanafunzi.

Kila asubuhi nililala chali chini ya mashine. Ilikuwa na mdomo mnene wa chuma uliotelemka mpaka ukagusa nguo, na sanduku lenye taa ndogo nyekundu zilizokimbizana duara. Ilitoa sauti ya tik, tik, tik, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Ilisikiliza penye moyo, penye ini, penye bandama. Siku ya kwanza Bwana Sefu alisimama na kichwa ameinamisha, hajui pa kutazama, na mimi nimelishikilia gauni langu shingoni. Nesi Adela akatukuta hivyo. Akatwaa sindano na uzi mwekundu, akanipima vidole juu ya mwili, akashona alama tatu kwenye gauni la hospitali.

"Haya. Huu moyo, hili ini, hili bandama. Bwana Sefu fuata nyuzi. Mwalimu hana haja ya kufunuliwa na wewe huna haja ya kutokwa jasho."

Tulimshukuru wote wawili. Ndiyo ilikuwa heshima yetu, na kosa letu likaingia kupitia hapohapo.

Kitanda cha jirani alilala Bi Tecla, Mmakonde wa karibu na Kitaya, bandama lake kubwa kuliko langu. Yeye ndiye aliyeipa mashine jina la Mpigaramli. "Nangu nimekwenda kwa wapiga ramli watatu," alisema, akijipiga kifua kuonyesha kuwa nangu ni mimi, "wote waliniambia shangazi yangu. Huyu wa nne hajataja mtu bado. Labda ana aibu." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Siku za mvua, maji yakipiga dirisha na nguo zisikauke, kicheko cha Bi Tecla kilikuwa ndicho kitu pekee wodini kilichokwenda kilipotaka.

Sasa nimtaje mama yangu mdogo, Somoe. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka minne, na Somoe ndiye aliyenilea kwao Mikindani. Ni mwanamke mfupi, mwenye vidole vya nguvu, na kazi yake inajulikana mtaa mzima: kupiga chuku. Mtu mwenye maumivu humwendea, naye huweka pembe ya ng'ombe juu ya ngozi, huvuta kwa mdomo, huziba kwa nta, kisha huchanja kidogo kwa wembe na kuvuta tena mpaka damu ijae ndani ya pembe. Alikwisha kunichanja mara nyingi nikiwa mtoto. Alikuja kuniona Ijumaa ya kwanza, saa saba, wauguzi wengine wakiwa chakulani na wengine msikitini. Akanivuta kope.

"Jicho jeupe kama sanda. Wamekutoa tena leo?"

"Kidogo tu, mama. Bomba moja."

"Kila siku kidogo. Mumiani nao walikuwa wakitoa kidogo. Na hicho walichokurudishia ni nini?"

"Ni damu yangu, imetiwa alama."

"Alama ya nini? Wewe mbuzi?" Akaweka chini kikapu chake, akafunua wali, na chini ya wali nikaziona pembe nne zimefungwa katika kitambaa cheusi. "Geuka kidogo. Nitaitoa. Waliyokutia yote itakuwa imekimbilia humu kwenye bandama, ndiko kwenye uchafu."

Niseme ukweli. Nililikumbuka onyo la Nesi Adela neno kwa neno. Lakini mwanamke aliyenifundisha kutembea alikuwa ametoka Mikindani kwenye matope, na kwa siku sita hakuna aliyenigusa isipokuwa kwa chuma au kwa sindano. Nikageuka. Bi Tecla akaugeuzia uso wake ukutani, akaanza kuimba kwa sauti ili pembe zisisikike. Wembe uliuma, halafu pembe zikavuta, zikavuta, na kile kitu kigumu chini ya mbavu nikahisi kama kimelegezewa kamba. Nililala mchana kutwa. Mama mdogo aliyatwaa mabonge ya damu, akayafunga kwa jani la mgomba, akaenda nyuma ya wodi kuyafukia. Damu ya mtu haitupwi. Hufukiwa, na anayeifukia ndiye peke yake anayepajua mahali. Aliporudi alikuwa ananawa mikono na kusoma dua.

"Usimwambie mtu," akasema. "Wakijua watanifukuza mlangoni, na wewe utabaki na hawa peke yako. Niahidi."

Nikamwahidi.

Alikuja Ijumaa ya pili, na ya tatu.

Bwana Sefu ndiye aliyebadilika kwanza. Aliacha kusema "Vizuri sana" akiandika. Akaanza kupima mara mbili, halafu mara tatu, akigongagonga sanduku kwa kifundo cha kidole. Damu mkononi ilikuwa inashuka, na mwishoni mwa kila juma inaanguka ghafla kama imemwagika. Makopo hayana kitu. Lakini penye uzi wa bandama, tik zimeongezeka, zinagombana. Tulikuwa tumemaliza wiki mbili na nusu. Daktari akaja, akavuta kiti, jambo ambalo daktari halifanyi kwa habari njema.

"Mwalimu, si minyoo. Bandama lako linakula damu yako mwenyewe, na kwa kasi ambayo sijaiona. Kwa mwendo huu sidhani utaimaliza mvua hii. Ndege ya Alhamisi ya juma lijalo, ningependa uwemo."

"Wakinipasua nitapona?"

"Wengi hupona." Akaitazama kalamu yake. "Kwa damu uliyo nayo sasa, siwezi kukuapia."

Bi Tecla alitangulia. Naye alikuwa amehesabiwa, na kwake hesabu zilikuwa safi. Walimbeba Jumanne kwenye machela, akiwa amevaa khanga yake mpya, akanipungia kama bibi harusi. "Nikifika nitawasalimia hao wa Dar," akasema, "nitawaambia Mwalimu anakuja na lake." Kitanda chake kikatandikwa shuka safi. Siku zikapita, Ijumaa ya tatu ikapita na pembe zake, habari yake hapana. Kila nikigeuka nilikiona kile kitanda.

Hapo ndipo nilipojua kunaswa ni nini. Nikisema, nimemuuza mama yangu. Nisiposema, watanipasua kwa hesabu ambayo mimi ndiye ninayejua kuwa ina tundu. Na huenda hata bila lile tundu bandama lilikuwa linanila kweli! Hilo ndilo lililonila usiku na mchana: ukweli wenyewe sikuwa nao. Tulikuwa tumeufukia nyuma ya wodi.

Jumatatu Ismaili aliitwa kutia saini. Alisimama pembeni ya kitanda, karatasi juu ya kimeza, kalamu ya daktari mkononi.

"Wewe unasemaje, Mwalimu?" Hata mume wangu aliniita hivyo.

Nikatazama mikono yake, vidole vimeiva kwa utomvu wa mikorosho, ngozi imebanduka. Mdomo ulifunguka, nikamwona Somoe akitolewa mlangoni na kikapu chake. Mdomo ukajifunga.

"Watu hawa wanajua," nikasema.

Akatia saini polepole, kama mtu anayekata tawi ambalo hana hakika nalo.

Kesho yake, Jumanne, nilikuwa chini ya mashine. Taa zinakimbizana, mdomo wa chuma juu ya uzi wa tatu, tik tik tik tik. Nilisikia kila tik kama mtu anayenihoji. Nikasema nikiwa nimefumba macho.

"Bwana Sefu, si bandama peke yake. Nimepigwa chuku."

"Umepigwa nini?"

"Chuku. Pembe. Hapo hapo unaposikiliza."

Alizima mashine. Akauinua mdomo wa chuma.

"Mara ngapi?"

"Ijumaa tatu."

"Pembe ngapi?"

"Nne. Kila mara."

Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Mwalimu! Siku kumi sili, nafungua kila nati ya mashine hii! Nimeandika Dar kwamba imeingia unyevu! Nimemgombeza Nesi Adela kwamba anachanganya makopo!" Sauti ikampanda, halafu ikamwishia. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Pembe nne. Na mimi nafuata uzi."

Alimwita Nesi Adela, akatoka nje. Nesi alifungua gauni langu. Aliona michubuko mikubwa ya mviringo imepandana, na mistari ya wembe, mingine bado mibichi. Hakunigomba. Aliweka mkono mdomoni, akasema, "Na mimi ndiye niliyeshona."

Daktari alikasirika kwa utaratibu, na hilo lilitisha zaidi. Damu imetoka nje, na nyingine imejaa chini ya ngozi palepale inaposikilizwa. Hesabu imeharibika pande zote mbili. Ile dawa ya alama iliyobaki sandukuni imechakaa, haitoshi kuanza upya. Nyingine haitakuja kabla ya wao kuondoka. "Kama ningejua ni damu kiasi gani imetoka," akasema, "ningeweza kuirudisha kwenye hesabu. Sasa nikisie? Nimpasue mtu kwa kukisia?"

Bwana Sefu, aliyesimama mlangoni, akauliza, "Iko wapi?"

Mama mdogo alikuja saa kumi, saa ya kutazama wagonjwa. Alinitazama usoni mara moja tu.

"Umesema."

"Nimesema, mama."

Aliketi ukingoni mwa kitanda kitupu cha Bi Tecla. Hakulia, hakupaza sauti. "Nilikubeba mgongoni mpaka ukawa mrefu kuliko mimi," akasema, na hilo liliniumiza kuliko wembe wake wote.

Bwana Sefu akaingia, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mumiani."

Akachuchumaa. Akamweleza, kwa adabu, kama nilivyosimulia hapa: kwamba hataki kumshtaki, anaitaka ile damu aihesabu, na akishaihesabu huenda nisipasuliwe. Mama mdogo alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Damu ikilazwa ardhini haiamshwi, mwanangu. Ukiifukua damu ya mtu aliye hai, umemfukua yeye. Hata ukinifunga."

"Sikufungi, mama. Na bila idhini yako sichimbi."

Alikwenda akaleta mashine ndogo ya mkononi, yenye mshipi wa kuning'iniza begani. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu nikaruhusiwa kuvuka mlango, Nesi akinishika kiwiko. Mvua ilikuwa imekatika, udongo unatoa mvuke. Bwana Sefu alitembea polepole kando ya ukuta akitelemsha kile kidude karibu na ardhi. Tik. Kimya. Tik. Mama mdogo alimfuata kwa macho tu, mikono ndani ya khanga. Alipofika karibu na mfereji wa maji ya kufulia, mashine ikaamka: tik tik tik, kisha ikapigana na yenyewe, haina nafasi kati ya mlio na mlio. Akaondoka hatua mbili, ikanyamaza. Akarudi, ikapiga kelele.

Uso wa mama mdogo ulibadilika.

"Inasema nini?"

"Inasema iko hapa, mama."

"Na ile ya Ijumaa ya kwanza?"

Akasogea kidogo kushoto. Mlio ukawa hafifu zaidi, lakini ulikuwepo. "Na ile pia."

"Mpaka leo inasema?"

"Mpaka leo."

Alisogea mpaka penye mlio. Tulisikia matone yakidondoka kutoka kwenye bati. "Kumbe haikulala," akasema, kama anayejisemea. "Basi nimemfukia mwanangu macho wazi."

Akapiga magoti kwenye matope, akasema bismillahi, akachimba kwa mikono yake. Majani ya mgomba yalikuwa yameoza, siafu wameyaingia, lakini mafungu yote matatu alimkabidhi Bwana Sefu pamoja na udongo wake, moja moja, kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitoto kichanga. Baadaye alipokwisha nawa, Bwana Sefu alipitisha mashine juu ya vidole vyake. Ikalia penye ukucha mmoja. Akanawa tena, akasugua kwa mchanga, mara tatu, mpaka ikanyamaza. Nilimwona akiitazama ile mikono, iliyotibu mtaa mzima, kama ameazimwa.

Bwana Sefu alihesabu usiku ule na kutwa nzima ya Jumatano. Mimi nililala nikisikiliza mlango wake. Nililia kwa ajili ya mambo mengi, na moja lilikuwa la kipuuzi: nilitaka Bi Tecla awepo aseme neno.

Daktari alikuja Jumatano jioni. Safari hii hakuvuta kiti.

"Bandama linakula," akasema, "lakini si kwa ulafi tuliodhani. Halitoki. Utakunywa vidonge vya malaria, kila siku, bila kuruka hata moja. Linaweza kushuka lenyewe. Taratibu."

"Mpaka lini, daktari?"

"Maadamu unaishi penye mbu hawa."

"Mimi ni wa hapa."

"Basi maadamu unaishi."

Alhamisi nilisikia ndege ikipita juu ya wodi bila mimi. Ismaili alikuja kunichukua. Njiani, akikanyaga baiskeli, alisema bila kugeuka, "Nilikuwa nimekwisha saini." Nikaegemeza paji la uso mgongoni kwake. Hatujalizungumza tena mpaka leo.

Damu yangu, Bwana Sefu alimrudishia mama mdogo katika kopo, siku alipomaliza nayo, na akamwomba radhi. Mama akaifukia mahali pengine. Pahali hapo sipajui.

Usidhani nilitoka nikawa huru. Nilitoka wodini nikaingia kwenye kidonge. Kila asubuhi, kidonge. Mvua ikaisha, kidonge. Mikorosho ikatoa maua, tumbo liko palepale, miguu mizito, bado napumzika njiani kwenda bombani, na kidonge. Nilikichukia kile kichupa kuliko nilivyoichukia mashine, maana mashine ilikuwa na mwisho. Mama mdogo hakusema nami majuma mawili. Halafu asubuhi moja alikuja Likombe na mkeka wake kichwani, akauweka chumba cha nje, akasimama mlangoni kwangu.

"Kidonge kiko wapi? Meza nione. Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Mama, mimi mtu mzima."

"Ulikuwa mtu mzima ulipogeuka unipe ubavu? Inua ulimi."

Bi Tecla alirudi mwisho wa masika, mzima, na kovu refu alilolionyesha kila mtu aliyemwuliza na wengi ambao hawakumwuliza. "Langu walilibeba kwa beseni," akaniambia. "Lako la kitoto, ndiyo maana wamekuachia." Kwa hiyo nakuomba usichukue kwangu kwamba kisu ni kibaya. Kwake kilikuwa sawa. Ninachokuomba ni hiki: wa nyumbani kwako wakikufanyia lao, kwa mapenzi, ukiwa unapimwa, sema siku hiyohiyo. Usingoje mpaka kitanda cha jirani kitandikwe. Na wewe unayepima, uliza kuhusu pembe kabla hujauliza kuhusu kopo.

Kila Ijumaa baada ya sala mama mdogo hunilaza mkekani na kunipapasa ubavu kwa vile vidole vyake, bila pembe. Kwa miezi mingi alikuwa akiguna tu. Kisha akaanza kupima: vidole vinne chini ya mbavu, vitatu, viwili. Mavuno ya pili ya korosho yalipoanza, alipapasa, akasimama, akapapasa tena, akaniambia nivute pumzi, nigeuke, nivute tena. Alikunja uso kama mtu aliyefika nyumba anayoijua akakuta imehamwa.

"Limekwenda wapi?"

"Sijui, mama," nikasema. "Safari hii kweli sijui."